Paa la uwanja wa mji: kwa nini kivuli hakikai pale paa lilipo

Aliyewahi kukaa chini ya hema la matanga Nyanza mchana wa jua anajua mambo yanavyokwenda. Wanaofika mapema hujinyakulia viti vya katikati. Ikifika saa tisa jua limeshapenya chini ya hema kutoka magharibi, linawachoma usoni, na viti vya plastiki vinaanza kuburutwa. Saa kumi na moja utakuta safu nzima ya waombolezaji imeketi nje ya hema, upande wa mashariki, kwenye nyasi, na ndiko kuliko na kivuli. Hema halijasogezwa. Kivuli ndicho kilichohama.

Jambo hili watu wa Kisumu wanalijua vizuri sana, lakini husahaulika pindi mji unapoamua kujenga paa la wazi kwenye uwanja wa umma: paa lisilo na kuta, la watu kupumzikia, kufanyia mikutano, kuuzia vitu na kujikinga mvua. Huja mchoro wa rangi uliochorwa kana kwamba ni adhuhuri siku zote. Paa limeinuliwa juu kwa mbwembwe, watu wanatabasamu, na kivuli kimelala sawasawa chini yake. Likijengwa jinsi lilivyochorwa, watu watalitumia mwezi wa kwanza, kisha watarudi kujibanza kwenye baraza za maduka, kwa sababu saa wanayohitaji kivuli hakipo, na mvua ikinyesha wanalowa wakiwa chini ya paa.

Ninavyoona mimi, paa la uwanja lisanifiwe kutoka chini kwenda juu. Unaanza na kipande cha ardhi ambapo mtu ataketi na saa atakayoketi, kisha unauliza paa liwe wapi ili kipande hicho kipate kivuli na kibaki kikavu. Ukianza hivyo, swali la kwanza halihusu umbo wala rangi. Linahusu kimo.

Hesabu ya jua la Kisumu

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno, safari fupi ya matatu kutoka mjini. Hilo linarahisisha hesabu. Machi na Septemba jua hupanda wima kutoka mashariki, likapita utosini, likashuka wima magharibi. Juni hupinda kaskazini na Desemba hupinda kusini, na hata likipinda kabisa, adhuhuri huwa digrii 23 na nusu tu kutoka utosini. Kwa hiyo kivuli cha adhuhuri hakina shida. Karibu paa lolote litakitoa. Shida ni alasiri.

Tena alasiri ya Kisumu ni ndefu kuliko saa ya ukutani inavyoonyesha. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti Kenya; uko Somalia. Kisumu iko karibu digrii 34.75. Jua huchukua dakika 4 kuvuka kila digrii, hivyo hufika utosini mwa Kisumu likiwa limechelewa kwa dakika 41 hivi. Adhuhuri ya kweli mjini ni kama saa saba kasorobo, ikisogea mbele au nyuma kidogo kulingana na mwezi. Ndiyo maana saa kumi, wanafunzi wakianza kutoka shule na uwanja ukianza kujaa, jua bado liko juu na bado ni kali.

Sasa chukua paa lenye kimo cha mita 6, kimo kinachopendwa michoroni kwa sababu kinaonekana cha heshima. Saa tatu baada ya adhuhuri ya kweli, yaani kama saa kumi kasoro dakika 20, jua la Machi au Septemba liko digrii 45 juu ya upeo wa macho. Kivuli cha paa kimesogea mashariki kwa umbali ulio sawa na kimo chake: mita 6. Saa moja baadaye jua limeshuka hadi digrii 30 na kivuli kimesogea zaidi ya mita 10. Shusha paa hilo hadi mita 3 na masafa hayo yanakatika nusu: mita 3, kisha mita 5 na kidogo. Hakuna bati, turubai wala kioo kinachoweza kuibadilisha hesabu hii.

Hesabu hiyo hiyo inatoa jibu la pili, la mwelekeo. Tuseme kaunti ina pesa za paa la mita 20 kwa 8, lililoinuliwa mita 4. Likilazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, ile saa kumi kasoro kivuli kinasogea mita 4 kikifuata urefu wa paa, na mita 16 kati ya 20 za chini yake bado zina kivuli. Likigeuzwa, ubavu wake mrefu ukatazama magharibi, kivuli kinasogea mita zile zile 4, ila sasa upana wa kusogelea ni mita 8 tu. Nusu ya watu wako juani. Saa moja baadaye paa la kwanza bado linafunika mita 13 hivi, na la pili limebakiwa na mita moja. Mabati ni yale yale, nguzo ni zile zile, na bei ni ile ile.

Kinachosikitisha ni kwamba mwelekeo huu mara nyingi huamuliwa na barabara. Uwanja ukiwa kando ya barabara kuu, paa hupangwa sambamba nayo ili lionekane na wapitao kwa gari. Dira ya simu ingetosha kuuliza swali hilo kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

Jua la magharibi, mvua ya mashariki

Hapa ndipo Kisumu inapokuwa na mambo yake, na ndipo mchoro ulionakiliwa kutoka mji mwingine unapokwama. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo hutoka ziwani, upande wa kusini-magharibi, ukaingia mjini. Huo ndio unaofanya alasiri ivumilike. Ukiendelea bara unapanda kuelekea milima ya Nandi na nyanda za Kericho, unakutana na upepo wa kutoka mashariki, mawingu yanajengeka, na jioni mvua ya radi inashuka ikirudi ziwani. Mkazi wa Kisumu anayetaka kujua kama atalowa njiani hutazama upande wa Nandi.

Kwa hiyo saa kumi jua linachoma kutoka magharibi na upepo mzuri unatoka huko huko, lakini saa kumi na moja mvua inaweza kuja kutoka mashariki. Ukijenga ukuta upande wa magharibi ili kuzuia jua, umeziba upepo wa ziwani na watu watatokwa jasho kivulini. Ukiacha mashariki wazi kabisa, dhoruba inaingia hadi ndani.

Inaingia kiasi gani? Tone kubwa la mvua ya radi huanguka kwa kasi ya mita 8 au 9 kwa sekunde. Upepo wa kasi hiyo hiyo, kilomita 30 hivi kwa saa, ambao katika dhoruba si wa ajabu, huifanya mvua ije kwa mshazari wa digrii 45. Hapo paa la kimo cha mita 4 hulowa mita 4 kutoka ukingoni kuingia ndani. Ikiwa ubavu mrefu wa paa letu la upana wa mita 8 unatazama mashariki, nusu yake imelowa. Na kimo kikiwa mita 6, sehemu kavu ni ukanda wa mita 2, na humo ndimo watakamosongamana watu wote wa uwanja pamoja na mizigo yao. Likilazwa mashariki hadi magharibi, mvua hiyo hiyo inakula mita 4 za urefu na kuacha 16. Mwelekeo mmoja unasaidia jua na mvua kwa pamoja. Dhoruba ikija kutoka kaskazini-mashariki faida inapungua, hivyo ukingo wa kaskazini unastahili kushushwa kuliko wa kusini.

Ukiniuliza, ningependekeza hivi kwa uwanja wa Kisumu. Kingo za paa ziwe mita 2.4 hadi 2.7 kutoka ardhini, si zaidi. Ni kimo kinachomruhusu mama mwenye beseni la samaki kichwani apite bila kuinama. Katikati paa lipande hadi mita 4.5 hivi, na juu kabisa pawe na mwanya wa kutolea hewa ya moto, uliofunikwa na kipaa kidogo ili mvua isiingie. Upande wa magharibi pawekwe vibao vya mlalo vilivyoinamishwa, vinavyokata jua la chini na kupitisha upepo, au waya wa kupandia mimea inayotambaa. Upande wa mashariki kijengwe jukwaa la mikutano lenye ukuta mgongoni. Ukuta huo unazuia mvua inayotoka Nandi, na wasikilizaji wa mkutano wa alasiri wanakuwa wameligeuzia jua mgongo badala ya kukunja nyuso.

Kuna wanaopinga wakisema paa la chini halina hadhi, kwamba mji unaokua unahitaji alama. Hoja hiyo siidharau. Kisumu ni jiji, na uwanja wake unastahili uzuri. Lakini kimo na upana haviachani. Jijini Seville, Hispania, kuna paa la mbao la Metropol Parasol, lililosanifiwa na Jürgen Mayer na kufunguliwa mwaka 2011. Lina kimo cha zaidi ya mita 25, ila linafanya kazi yake kwa sababu lina urefu wa mita 150 na upana wa mita 70. Ukichukua kimo kile ukaacha upana, umebeba gharama na kuacha kivuli.

Njia nyingine iko Madina, kwenye viwanja vya Msikiti wa Mtume, ambako waliokwenda hija au umra wameona miavuli 250 inayofunguka mchana. Kila mmoja peke yake ungetupa kivuli chake nje ya mipaka yake asubuhi na alasiri, kama paa lolote la juu. Kwa kuwa imepangwa ubavu kwa ubavu, kivuli kinachotoka chini ya mmoja huangukia chini ya jirani yake, na hasara inabaki kwenye safu ya ukingoni tu. Mji usio na pesa za Madina unaweza kuchukua kanuni hiyo: mapaa madogo sita yaliyokaribiana yanafaa kuliko mawili makubwa yaliyotengana.

Paa linataka kuruka

Watu wengi hudhani kazi ya nguzo ni kulibeba paa lisianguke. Kwa paa lisilo na kuta, kazi ngumu zaidi ni kulishikilia lisipae. Upepo unapita juu na chini yake kwa wakati mmoja. Juu unanyonya, chini unasukuma, na vyote viwili vinalivuta kwenda juu, kama mwavuli unavyopinduka mkononi.

Hesabu ya makadirio hii hapa. Kwa hewa ya Kisumu, mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, upepo wa mita 30 kwa sekunde una msukumo wa takriban kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Paa letu la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160. Huo ni mvuto wa tani 8 kwenda juu. Bati, kenchi (fremu inayobeba bati) na nguzo kwa pamoja zinaweza kuwa na uzito wa tani 4. Ukiongeza tahadhari ya nusu juu ya nguvu ya upepo, mvuto unakuwa tani 12; ukitoa zile 4 za paa lenyewe, unahitaji tani 8 nyingine za kulishikilia chini, na hizo hutoka kwenye msingi. Kwa nguzo sita, kila moja inahitaji mchemraba wa zege wenye zaidi ya sentimita 80 kila upande, ukiwa umezikwa na kufungwa kwa bolti kwenye nguzo. Injinia atapata tarakimu zake mwenyewe kulingana na umbo na mahali, na hesabu yake ndiyo ya kufuatwa, lakini ukubwa wa jambo ni huo. Kumbuka pia kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

Ndiyo maana mwananchi anayepita karibu na ujenzi akiona nguzo ya chuma inapigiliwa kwa bolti nne fupi juu ya sakafu iliyopo, bila shimo lolote, ana haki ya kuuliza. Msingi hauonekani kwenye picha za uzinduzi, na ndipo pesa hupunguzwa kwanza.

Udongo nao una neno lake. Sehemu kubwa ya nyanda za Kano na mitaa ya chini ya Kisumu imekalia udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi uliowekwa ndani ya udongo huo huinuliwa na kushushwa kila msimu, nguzo moja ikienda juu na nyingine chini, hadi viungo vya kenchi vinaachana. Ama uchimbe upite tabaka hilo hadi kwenye udongo mgumu au mwamba, ama uuondoe na kujaza murram iliyoshindiliwa. Nakuru, iliyo juu zaidi kwa takriban mita 700 na iliyokalia majivu ya volkano, ina shida tofauti kabisa: ardhi huwa imara ikiwa kavu na hupoteza nguvu maji yakipenya, na baadhi ya maeneo hutokea nyufa baada ya mvua kubwa. Huko maji ya paa yasiachwe kamwe yadondoke kando ya nguzo.

Bati, turubai, mti

Kivuli cha bati tupu na kivuli cha mwembe havifanani, na ngozi inajua. Bati lililochakaa, likipigwa na jua la utosini, hufika nyuzijoto 60 na zaidi. Linazuia mwanga, kisha linatuma joto lake lenyewe chini, kichwani mwa aliyeketi. Paa likiwa chini, kama ninavyopendekeza, athari hii inazidi, na huo ndio udhaifu mkubwa wa pendekezo langu. Dawa yake ni tabaka la pili: dari ya mbao nyembamba, mianzi au hata mkeka mgumu, sentimita 20 au 30 chini ya bati, hewa ikipita katikati. Bati linapata joto, hewa inalibeba na kuondoka nalo kwenye ule mwanya wa juu, na dari inabaki na joto la kawaida.

Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré alilifanya hili kwenye shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Bati jembamba liliinuliwa juu ya dari ya matofali yenye nafasi, likishikiliwa na kenchi nyepesi za nondo za kawaida zilizochomelewa pale pale kijijini. Jengo hilo lilipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, heshima ya juu ya wasanifu majengo duniani. Hakuna kitu katika kenchi zile ambacho mafundi wa jua kali wa Kibuye hawawezi kukichomelea wiki hii.

Dari hiyo inatibu pia kelele. Mvua kubwa juu ya bati tupu hufanya mkutano usimame. Mzungumzaji anafunga mdomo na kusubiri. Kwa paa ambalo kazi yake mojawapo ni vikao vya bunge la mwananchi na mijadala ya bajeti ya kaunti, hilo ni jambo la maana.

Turubai zilizovutwa kwa nyaya zinapendeza na ni nyepesi, lakini zina sharti moja lisilosameheka: lazima zipinde kwa pande mbili kinyume, pembe mbili zikiwa juu na mbili chini, na zivutwe kwa nguvu. Turubai iliyolazwa bapa hushika maji. Maji yanaibonyeza, bonde linakua, maji zaidi yanaingia, hadi inachanika au inang'oa nguzo. Aina ya kawaida, ya poliesta iliyopakwa PVC, hudumu miaka 15 hadi 20 ikitunzwa. Mji ukiichagua uweke akiba ya kuibadilisha. Plastiki angavu inayopitisha mwanga sitaipendekeza kwa Kisumu hata kidogo. Inazuia mvua na kuruhusu jua lote.

Na miti? Jani hutoa maji na kujipoza, hivyo chini ya mti hakuna joto la kushuka kichwani. Mti ni bora kuliko paa lolote kwa jua, ila mvua ya radi haukingi, na tena unahitaji miaka kama kumi kukua. Kwa hiyo naona ni kosa kuulizana kama tujenge au tupande. Paa lijengwe kwa ajili ya mvua na kwa miaka hii ya sasa, na miti ipandwe siku hiyo hiyo upande wa magharibi na kusini-magharibi, ambako baada ya muongo itachukua kazi ya vile vibao. Kakamega wana Muliro Gardens na msitu mkubwa karibu. Hakuna haja ya kuwaeleza thamani ya mti mkubwa uliokwishakua. Kaunti inayokata mti wa miaka 40 ili kupata nafasi ya paa imelipa ili ipoteze.

Maji na radi

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dhoruba ya milimita 50 kwa saa juu ya paa letu ni lita 8,000 kwa saa hiyo, sawa na jerikeni 400 za lita 20. Maji hayo yakiachwa yadondoke kutoka ukingoni, yanachimba mfereji kuzunguka paa lote na kuwarushia matope waliokimbilia ndani. Yakikusanywa, kwa mvua ya Kisumu ya takriban milimita 1,300 kwa mwaka, ni lita 200,000 hivi ukiondoa hasara ndogo: maji ya kufagilia na kuosha uwanja, ya choo cha umma, ya kunyweshea miti ile michanga Januari na Februari. Gata liwe pana na lenye mteremko unaoonekana, na bomba la kushushia liwe la plastiki. Mabomba na vifuniko vya chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchi nzima kwa miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo hiyo nati za nguzo zifungwe kisha zichomelewe nukta moja.

Radi haizungumzwi vya kutosha, na inanitia wasiwasi. Ziwa Victoria na nyanda zinazolizunguka ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na Kisii na Kakamega kila mwaka kuna familia zinazozika. Paa la wazi huwavuta watu wakati ule ule ambao radi inapiga. Paa la chuma lenye nguzo za chuma linaweza kuwa salama kiasi, likiwa na kinga ya radi na nguzo zote zikiunganishwa kwa waya mnene wa shaba au chuma uliozikwa kuzunguka paa, ili umeme usambae ardhini bila kupita kwenye mwili wa mtu. Hata hivyo anayeegemea nguzo yuko hatarini kuliko aliyeketi katikati. Kwa hiyo nguzo zifunikwe kwa mbao au plastiki nene hadi kimo cha mkono ulioinuliwa, na mabenchi yasishikanishwe nazo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kazi nzima, na ikisahaulika mwanzoni kuiongeza baadaye ni kuvunja sakafu upya.

Nani anaulizwa, na nani anafagia

Sheria inataka umma ushirikishwe, na kwa kawaida watu huitwa ukumbini, wakaonyeshwa ule mchoro wa rangi, wakaulizwa kama wanaupenda. Kila mtu anaupenda. Maswali yanayosaidia ni mengine. Mwendesha bodaboda anasubiri abiria saa ngapi na anaegesha wapi? Muuza njugu anahamia upande gani saa nane? Mwenye kiti cha magurudumu anaingilia wapi mvua ikinyesha, au njia yake ndiyo ile inayogeuka mfereji? Usiku, mwanamke anayekatiza uwanja anamwona aliyesimama nyuma ya nguzo? Majibu ya maswali haya yanasogeza nguzo na taa, na wanaoyajua wako uwanjani tayari, kila siku.

Kuna jaribio la bei nafuu ambalo ningependa kila kaunti ilifanye kabla ya kutangaza zabuni. Simamisha miti minne kwenye pembe za paa linalopendekezwa, kwa kimo chake halisi, na ufunge kamba juu kati ya pembe na pembe. Saa sita, saa nane, saa kumi na saa kumi na moja, piga chokaa ardhini pale kivuli cha kamba kinapoangukia. Rudia Juni na Desemba. Mtu yeyote, hata asiyejua kusoma ramani, atasimama pale na kuona kama kivuli anachoahidiwa kitamfikia.

Kisha kuna utunzaji. Gata lisafishwe kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba, kwani majani machache yaliyoziba bomba yanatosha kurudisha maji yote juu ya dari. Bolti zikaguliwe na kutu ipigwe brashi na kupakwa rangi kila mwaka, hasa karibu na ziwa ambako hewa ina unyevu mchana na usiku. Ni kazi ya watu wawili wenye ngazi kwa siku chache. Iandikwe kwenye bajeti ya mwaka ule ule wa ujenzi, kwa jina la idara itakayoifanya, na kandarasi isitiwe saini kabla ukurasa huo haujajazwa.